Pavlova ndogo za todi ya moto: yanayosemwa na yaliyo kweli

Todi ya moto ni kinywaji cha majira ya baridi kali: wiski, maji yanayofuka mvuke, asali, limau, karafuu mbili tatu na kijiti cha mdalasini. Ladha zake zinapendeza hata kwa asiyewahi kushika bilauri yake, na ndiyo maana waokaji huzihamishia kwenye pavlova ndogo, zile za mtu mmoja sahani moja. Chini kuna kiota cha meringi, yaani povu la ute wa yai na sukari lililookwa, kikavu nje na laini ndani. Juu yake krimu, halafu mchuzi mzito wa limau na asali.

Wazo ni zuri, ila linaunganisha vitu viwili visivyopatana. Todi ni maji tangu mwanzo hadi mwisho, na meringi haina adui mkubwa kuliko maji. Makosa mengi yanayorudiwa jikoni yanaanzia hapo.

Dhana: wiski inatiwa kwenye meringi yenyewe

Haitiwi. Ute wa yai ni maji kwa takriban asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini. Ukiupiga, protini hizo hukunjuka na kushikana kuzunguka viputo vya hewa, na sukari inayoyeyuka ndani yake huongeza uzito wa ukuta wa kila kiputo ili usipasuke mapema. Mimina vijiko viwili vya wiski hapo uone: povu lililokuwa limesimama wima kwenye mchapo linalegea, linaanza kung'aa kwa majimaji, na ukilichota linateleza kwenye kijiko. Tuseme limevumilia. Bado lina saa nzima ya kukaa kwenye oveni, na harufu ya wiski ni kitu cha kwanza kuruka. Utakuwa umeliharibu povu kwa ajili ya ladha ambayo mlaji hataionja.

Wiski ina pahali pake: kwenye krimu iliyokwisha kupigwa, au kwenye mchuzi ulioepuliwa. Kwenye meringi, kinachovumilika ni viungo vikavu, tena kwa mkono mwepesi. Robo kijiko cha chai cha mdalasini wa unga kinatosha kwa ute wa mayai manne, uchekeche juu ya povu lililokwisha kukamilika kisha ukunje taratibu kwa mwiko. Karafuu ya unga ni ya kuchovya kwa ncha ya kisu tu. Ina eugenoli, dutu ambayo madaktari wa meno wameitumia kutuliza maumivu, na ukizidisha utajua kwa nini: ulimi unaingia ganzi na limau halisikiki tena. Maganda ya limau yaliyokwaruzwa yana mafuta, na mafuta huvunja povu, kwa hiyo mimi huyapeleka kwenye mchuzi moja kwa moja.

Dhana: pombe yote huruka ikipata moto

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu mwenyeji huitamka kwa uhakika mbele ya mgeni ambaye ana sababu yake ya kuuliza. Hoja yenyewe inasikika kama sayansi: pombe huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, maji kwenye 100, basi pombe itaondoka yote kabla maji hayajaanza kuchemka. Lakini pombe iliyochanganyika na maji haiondoki peke yake. Vyote viwili huvukiza pamoja, na kiasi kinachobaki hutegemea muda wa kukaa motoni, upana wa sufuria na kama unakoroga au umefunika.

Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la makadirio ya jambo hili, na tarakimu zake huwashangaza wengi. Pombe iliyotiwa kwenye kitu kinachochemka kisha kikaepuliwa papo hapo hubaki kwa takriban asilimia 85. Iliyowashwa moto wa kuvutia macho mezani hubaki asilimia 75. Iliyopikwa kwa dakika 15 hubaki asilimia 40, kwa nusu saa asilimia 35, kwa saa moja asilimia 25. Hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna kama asilimia 5.

Sasa tupige hesabu ya pavlova zetu. Vijiko viwili vikubwa vya wiski, yaani mililita 30, vikiwa na nguvu ya asilimia 40, vina mililita 12 za pombe halisi. Vigawe kwa viota vinane: kila mtu anapata mililita moja na nusu. Ni kidogo, na mtu mzima anayekunywa hatashtuka. Kwa mtoto, kwa mjamzito, kwa aliyeacha pombe au kwa asiyeigusa kwa imani yake, kidogo hicho si sawa na hakuna, na ni haki yake kuambiwa kabla hajachukua kijiko.

Kwa walaji hao, usihangaike kuichemsha wiski ukitumaini itaisha. Tumia chai nyeusi iliyokolea, ambayo tangu zamani baadhi ya watu huitumia kwenye todi badala ya maji. Uchungu wake unakaa pale ambapo wiski ingekaa, na ukipata chai iliyokaushwa kwa moshi, hata ule moshi wa baadhi ya wiski unaupata. Kusema kweli, ladha ya todi huipata zaidi kwenye limau, asali na karafuu kuliko kwenye chupa.

Dhana: asali inaweza kuchukua nafasi ya sukari kwenye povu

Inavutia, kwa kuwa asali ndiyo roho ya todi. Lakini asali ina maji kiasi cha asilimia 17 au 18, na sehemu kubwa ya sukari yake ni fruktosi, ambayo hunyonya unyevu wa hewa kama sifongo. Meringi ya asali tupu hutoka kwenye oveni ikinata, na baada ya muda mfupi inashikamana na karatasi kabisa. (Kuna meringi inayotengenezwa kwa asali iliyochemshwa hadi ikawa nzito, lakini hiyo huliwa laini, haikaushwi.) Ukitaka rangi ya kahawia na ladha ya kina kwenye kiota chenyewe, badilisha robo ya sukari nyeupe kwa sukari ya kahawia iliyo laini. Asali ikae kwenye mchuzi.

Mchuzi huo ndio unaookoa viini. Viini vinne, maji ya malimau mawili na maganda yake yaliyokwaruzwa, gramu 60 za asali na gramu 50 za sukari, juu ya sufuria ya maji yanayofukuta, ukikoroga bila kuacha. Ukipitisha kidole mgongoni mwa mwiko na njia yake ikabaki wazi, uepue. Ukingoja uchemke utapata mayai ya kuvuruga yenye limau. Koroga ndani yake gramu 60 za siagi, uache upoe kidogo, halafu ndipo utie wiski. Kwa sababu haukuchemka baada ya kutiwa, karibu yote imo, na unaionja.

Dhana: meringi huokwa kama keki

Keki huiva, meringi hukauka. Ukilishika hilo, mengine yanafuata. Kwa viota vya upana wa sentimita nane au tisa, nyuzi 110 za Selsiasi kwa saa moja au zaidi kidogo zinatosha, kisha oveni izimwe na viota viachwe humo humo hadi vipoe kabisa. Anayepandisha moto ili amalize mapema hupata gamba lililoiva haraka kupita ndani: linapasuka, linageuka rangi ya mchanga, na matone ya sharubati ya kahawia yanachuruzika juu yake. Matone hayo huonekana pia pale sukari isipoyeyuka vizuri kwenye povu, na hapo tiba ni vidole. Chukua povu kidogo ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chenga, endelea kupiga.

Sukari iwe gramu 50 hadi 60 kwa ute wa kila yai, tena ile ya chembe ndogo, itiwe kijiko kimoja kimoja baada ya povu kuanza kusimama na ncha zake kuinama. Wanaopunguza sukari kwa ajili ya afya nawaelewa, ila sukari hapa ni nguzo ya jengo. Ipunguze sana na kiota kitanywea kabla hakijakauka. Afadhali upunguze ukubwa wa kiota.

Ule ulaini wa katikati unaotofautisha pavlova na meringi ya kawaida hutokana na vijiko viwili vya chai vya konifulawa na kijiko kimoja cha chai cha siki au maji ya limau kwa ute wa mayai manne. Limau lina sifa ya kuwa tayari limo kwenye todi.

Utajuaje kimekauka? Kigeuze ukigonge chini kwa kucha. Kilichokuwa tayari kinatoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani, na kinaachana na karatasi bila kubembelezwa. Kinachong'ang'ania kirudishwe.

Dhana: chumvi kidogo hulikaza povu

Chumvi hulidhoofisha. Kinachosaidia ni asidi, na limau limo tayari. Mabakuli ya shaba ya waokaji wa Ufaransa nayo husaidia kweli, kwa kuwa shaba hushikamana na protini mojawapo ya ute na kuizuia isikazane kupita kiasi, lakini anayetumia asidi hana haja ya kununua bakuli la gharama.

Dhana: lazima mayai yawe ya leo

Ute wa yai la siku nyingi kidogo ni mwepesi zaidi na hupanda haraka, wa yai la leo hutoa povu linalodumu zaidi. Kwa kazi hii, yenye sukari tele, yote mawili yanafaa. La maana ni kutenganisha mayai yakiwa baridi, maana kiini baridi hakipasuki ovyo, halafu kuuacha ute upate joto la chumba. Tone la kiini likiingia, ute huo uutumie kwa kazi nyingine. Na bakuli la plastiki lina tabia ya kubaki na mafuta hata baada ya kuoshwa, kwa hiyo tumia la chuma au la kioo.

Dhana: ukifungua mlango wa oveni, kila kitu kinaanguka

Hofu hiyo imeazimwa kwenye keki. Baada ya nusu saa ya kwanza unaweza kuchungulia. Baridi ya ghafla huleta nyufa, si maporomoko, na nyufa hufunikwa na krimu. Pavlova isiyo na ufa hata mmoja naitilia shaka.

Dhana: tunajua nani alibuni pavlova

Jina ni la Anna Pavlova, mchezaji wa baleti kutoka Urusi aliyezuru Australia na New Zealand mwaka 1926. Hadithi maarufu humpa sifa mpishi Bert Sachse wa hoteli moja ya Perth, Australia, mwaka 1935. Ila vitindamlo vyenye jina hilo vilikuwapo kabla yake: kimojawapo miaka ya 1920 kilikuwa jeli ya matabaka, na Dunedin, New Zealand, mwaka 1928 jina hilo lilitumika kwa meringi ndogo ndogo zenye kahawa na jozi. Kwa hiyo anayekwambia pavlova ya mtu mmoja ni mtindo wa juzi, muulize habari za Dunedin.

Dhana: kitindamlo cha kinywaji cha moto kiliwe cha moto

Joto la todi lina udanganyifu wake. Pombe hupanua mishipa ya damu ya ngozi, mnywaji anahisi amepata joto, kumbe mwili wake unapoteza joto kupitia ngozi hiyo hiyo. Kwenye sahani, hisia ya joto inaletwa na karafuu, mdalasini na, ukipenda, tangawizi kidogo kwenye mchuzi. Mchuzi wa moto wenyewe ukimwagwa juu ya meringi utaiyeyusha mbele ya macho yako na kuigeuza krimu kuwa maziwa. Uwe wa uvuguvugu wa kidoleni, si zaidi.

Mpangilio nao una maana. Krimu itangulie, kwa sababu mafuta yake huizuia asidi ya limau isilifikie gamba mapema, na kijiko kimoja cha wiski kikitiwa humo kitiwe mwishoni, krimu ikiwa imeshasimama. Viota visivyojazwa visiwekwe kwenye friji, ambako unyevu huviharibu. Vikae kwenye kopo lisilopitisha hewa, na vitasubiri wiki nzima bila kulalamika. Vikishajazwa, saa moja ndiyo muda wake mzuri. Kwa hiyo wageni wakae kwanza, sahani za chakula ziondolewe, ndipo uanze kupakua krimu.