Masi ya gari si masi ya mashine ya CNC

Katika atelie nyingi za Lubumbashi neno "masi" limebebeshwa mzigo usio wake. Fundi mkubwa anasema "tia nsinga ku masi" (funga waya kwenye masi), na kijana anaifunga popote: kwenye bodi (mwili wa chuma) ya mashine, kwenye waya wa bluu, au kwenye tundu lililoandikwa 0V. Anaambiwa zote ni moja. Kwenye mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, kama ile ya kufreza (kuchonga chuma) ya miaka ya themanini, kosa hilo linaunguza kadi ya elektroniki ambayo kiwanda hakiitengenezi tena, na siku mbaya linamwumiza aliyesimama mbele yake.

Kwa ufupi, masi ni sehemu inayohesabiwa kuwa sufuri, na volti nyingine hupimwa kuanzia hapo. Hiyo ndiyo maana. Kinachobaki ni kuuliza sufuri hiyo ni ya nani, na kama umeme wa kazi unapita humo.

Neno ni la Kifaransa, masse, na kwetu limeingia zaidi kupitia garaji na saudure. Ndani ya gari, ncha hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, na umeme wa taa, honi na stata unarudi betrini kupitia chuma cha gari. Bodi ni waya kamili. Anayechomelea chuma naye, akisema masi, anataja koleo linalobana kazi yake, na ampea zote, mara nyingi zaidi ya mia, zinapita hapo kurudi. Wote wawili wanasema sawa. Kwao masi ni njia ya kurudia, na inafanya kazi muda wote.

Kwenye mashine ya CNC mambo yamegeuka. Bodi yake haitakiwi kubeba umeme wa kazi. Ukikuta inaubeba, tayari kuna hitilafu. (Ndiyo maana usichomelee chochote kwenye mashine hiyo huku koleo la masi limebanwa mbali na unapochomea: ampea zitatafuta njia ndani ya waya nyembamba za kabati.)

Waya wa kijani na njano, ulioandikwa PE kwenye mchoro, ni tere, yaani waya wa kinga unaounganisha chuma cha mashine na ardhi. Unakaa bila kazi mpaka fazi (waya unaoleta umeme) iguse chuma. Netre, waya wa kurudia, inabeba mkondo kila siku kuurudisha kwenye transfoma ya SNEL, shirika la umeme. Ikikatika njiani, kipande kilichobaki upande wa mashine kinaweza kupanda hadi volti 220. Na zero volti (0V) ni ncha hasi ya alimantasio, kifaa kinachotoa umeme wa volti 24 wa kulisha sensa, rele na bobini za kontakta (swichi za sumaku). Haina undugu wowote na netre.

Rangi huzidisha utata. Kwenye mashine zilizofuata IEC 60204-1, kanuni ya kimataifa ya umeme wa mashine, bluu hafifu ni netre, lakini bluu iliyokolea ni waya wa kontroli ya umeme wa moja kwa moja (DC), yaani ile ya volti 24. Fundi aliyezoea nyumba anaona bluu, anaipeleka kwenye netre, na kadi inakufa hapohapo.

Kupima nako kunaharibika kwa neno hilohilo. Kijana anaweka ncha nyeusi ya multimeta kwenye bodi, nyekundu kwenye +24, anasoma 9, dakika moja baadaye 14, anasema alimantasio imekufa. Kama zero volti haijafungwa kwenye tere, usomaji huo hauna maana: multimeta ya dijitali inaokota volti za hewani. Ncha nyeusi iende kwenye 0V ya alimantasio yenyewe. Alimantasio nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hii.

Kuna kitu kinachoniuma zaidi. Kwenye mashine nyingi, zero volti hufungwa na tere mahali pamoja tu, kwa kipande kidogo cha kuunganisha. Waya wa sensa ukichubuka ndani ya mnyororo wa kebo na kugusa chuma, fyuzi ya 24 inakatika. Mtu anachoka kubadilisha fyuzi, anachomoa kile kipande, mashine inawaka, wanamshukuru. Hitilafu ya kwanza imefichwa. Ikija ya pili, moja ikiwa kabla ya kitufe cha kusimamisha na nyingine baada yake, bodi inakuwa daraja: unabonyeza kitufe, mashine haisimami.

Njia sahihi ni kuzima umeme na kufunga swichi kuu kwa kufuli, kuchomoa kipande hicho kwa muda, kisha kupima omu kati ya upande wa +24 na tere, ukitoa waya mmoja mmoja kwenye tereminali mpaka omu ziruke juu. Anza na swichi za mwisho wa mwendo, ambamo maji ya kukatia huingia. Usitumie megga (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 kadi zikiwa zimeunganishwa. Ukimaliza, rudisha kipande.

Wengine huniambia wamepiga chuma ardhini, basi tere ipo. Chuma chenye omu 50, kwa volti 220, kinapitisha ampea 4.4. Fyuzi ya ampea 16 haitasikia, na bodi itabaki na umeme. Kuanzia Mei hadi Septemba udongo wetu unakauka na omu zinapanda tena. Hapo panahitajika diferansieli, swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini: ile ya miliampea 300, kwa omu hizohizo, inakata bodi ikiwa na volti kama 15 tu.

Kwa hiyo, ndugu fundi, masi tuwaachie garaji na saudure, maana huko ni neno zuri. Mbele ya kabati la CNC sema "tere", "netre" au "zero ya 24". Mkubwa akikwambia "ku masi", muulize kwa heshima: mze, ni ipi kati ya hizo tatu?