Magego yanayooza katikati: maswali na majibu

Nimejitazama kwenye kioo, magego yangu ni mazima. Mbona daktari anasema mawili yameoza?

Kioo kinakuonyesha sehemu ya kutafunia tu. Uozo huu huanzia pale magego mawili yanapogusana, mahali ambapo mswaki haufiki. Bakteria waliojificha hapo hula sukari ya chai na mandazi yako, wakatoa asidi inayonyonya madini ya enameli, gamba gumu la nje la jino. Kwa nje tundu ni dogo kabisa, ila likishaingia kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli na laini zaidi, linapanuka ndani kwa ndani. Ndiyo maana mtu anang'ata mahindi choma pale stejini, kona ya gego inamegeka, naye analaumu mahindi. Gego lilishakuwa ganda tupu.

Na daktari ameuonaje?

Hukausha jino kwa hewa na kulimulika, akitafuta kivuli cha kijivu chini ya ukingo wake. Lakini shahidi mkuu ni eksirei ya kung'ata: unawekewa kibao kidogo mdomoni, unakiuma, na picha moja inaonyesha magego ya juu na ya chini pamoja. Uozo hutokea kama pembetatu nyeusi ubavuni mwa jino. Omba uonyeshwe, ni meno yako. Kibao hicho huwatia wengine kichefuchefu, kwa hiyo pumua kwa pua. Mionzi yake ni kidogo sana. Hata hivyo, kama una mimba, sema mapema.

Sina maumivu. Si nisubiri?

Jino likianza kukunyima usingizi, mara nyingi uozo umeshakaribia neva au umeifikia. Kuna ishara za mapema kuliko hiyo. Nyama choma inakwama kila mara katikati ya meno yaleyale mawili. Uzi wa kusafishia meno unachanika ukiupitisha hapo. Soda baridi inakuchoma kwa sekunde moja, kisha basi. Hata hivyo wapo wasiosikia lolote, na hao huokolewa na picha.

Lazima jino lichimbwe?

La. Uozo ambao haujavuka enameli unaweza kusimamishwa, maana jino hurudishiwa madini. Daktari hupaka floridi, madini yanayoimarisha meno. Wewe unapitisha uzi kila siku, unapunguza mara unazokula vitu vitamu, na picha inarudiwa baadaye kuona kama uozo umesogea.

Tundu likishafunguka hadi kwenye dentini, linazibwa. Unadungwa ganzi, daktari anaingilia kwa juu, anaondoa kilichooza, kisha anazungusha mkanda mwembamba kwenye jino na kuubana kwa kabari ndogo ili dawa ya kuziba isigande na jino jirani. Hatua hiyo ya mkanda si ya kuharakisha. Ikiachwa nafasi, chakula kitaendelea kujipenyeza na fizi itavimba; rudi ikarekebishwe. Neva ikishaoza, yanabaki matibabu ya mzizi au kung'oa. Najua wengi Nairobi huchagua kung'oa kwa sababu ya bei. Lakini pengo nalo lina gharama: meno ya jirani hulala polepole kuelekea hapo.

Natumia kijiti cha meno kila baada ya kula. Hakitoshi?

Kijiti kinatoa nyama, hakisugui utando wa bakteria. Uzi unaingizwa taratibu kama msumeno, unakumbatishwa ubavuni mwa jino moja, unapandishwa na kushushwa, kisha jino la pili. Damu kidogo siku za mwanzo isikutishe. Ikiendelea zaidi ya wiki mbili, fizi zikaguliwe.

Nilikulia Nakuru, meno yangu ni ya kahawia. Huo nao ni uozo?

Hapana, hayo ni madoa ya floridi nyingi iliyo kwenye maji ya sehemu za Bonde la Ufa, na hata visima kadhaa vya Nairobi. Yaliingia kwenye jino kabla halijaota, hivyo kusugua kwa nguvu hakuyatoi. Ila usidhani yamekukinga: nimeona magego ya kahawia yenye pembetatu ileile nyeusi katikati.