Kubadili matumizi ya ardhi: maana yake, na nafasi ya nyumba ya wasio na pa kulala

Kama una hati ya kiwanja, itoe kabatini uisome upya. Usiishie kwenye jina lako na namba ya kitalu. Shuka hadi kwenye masharti. Humo kuna mstari unaotaja matumizi: makazi, makazi na biashara, au taasisi, pamoja na herufi ya kundi lake. Nyumba ya kuishi huwa kundi A. Wengi wetu huuruka mstari huo, maana tulinunua kiwanja tujenge nyumba, na nyumba tumejenga. Siku ukitaka kuweka hapo mashine ya kukoboa, gereji au shule ya chekechea, ndipo utakapojua kwamba ardhi ulipewa pamoja na kazi yake.

Kubadili matumizi ya ardhi ni kuiomba mamlaka ya upangaji iondoe kazi ile ya kwanza na kuweka nyingine. Mamlaka hiyo ni halmashauri: Mtwara mjini ni Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Lindi mjini ni Manispaa ya Lindi. Sheria inayoongoza ni Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya mkoloni ya mwaka 1956. Hapa watu huchanganya mambo matatu. Leseni ni ya shughuli, na kibali cha ujenzi ni cha jengo. Matumizi ni ya ardhi yenyewe, na hubaki pale pale hata ukiuza na kuhama. Mnunuzi anarithi mstari ule kama ulivyo.

Mabadiliko yenyewe huja kwa njia mbili. Moja ni ya kiwanja kimoja: mwenye hati anaomba, anaeleza anataka kufanya nini, tangazo linawekwa ili majirani waseme, afisa mipangomiji anakagua, kisha maombi yanapanda kwenye kamati ya madiwani inayoshughulikia mipangomiji na mazingira, na baadaye ofisi ya ardhi inarekebisha hati. Nyingine ni ya eneo zima: halmashauri inaandaa upya mpango kabambe, yaani mchoro mkuu wa matumizi ya ardhi ya mji mzima, au mchoro wa mtaa, na viwanja vingi vinabadilika kwa pamoja. Ukibadili kimya kimya bila kuomba, umevunja masharti ya hati. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaruhusu upewe notisi, utozwe faini, na mwisho wa yote hati ifutwe na Rais.

Nimeitaja njia ya kiwanja kimoja kwanza kwa sababu niliiona ikimshinda mtu.

Ilikuwa katika mji mmoja wa huku kusini, na mtaa sitautaja. Warithi wa nyumba ya zamani, ya vyumba sita, yenye kisima uani, walikubali kuitoa iwe mahali pa kulala usiku kwa watu wanaojilaza kwenye baraza za maduka sokoni. Hawakutaka kodi kwa miaka mitatu ya mwanzo. Tangazo likawekwa: kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeupe, kimepigiliwa kwenye mti wa mnazi, maandishi ya mkono yakielezea kusudio la kubadili matumizi kutoka makazi kwenda huduma za jamii. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano chini ya mwembe, na watu walijaa kuliko siku ya kugawa vyandarua.

Mama mmoja muuza samaki alisimama wa kwanza. "Mwenyekiti, mimi sina ubaya na mtu. Lakini nina mabinti wawili wanapita pale alfajiri kwenda shule. Huo mlango atalinda nani?" Makofi yalipigwa. Akainuka fundi cherehani, mzee wa makamo ya kuitwa babu, mwenye chumba chake cha kazi mkabala na soko. "Mwanangu, hao watu hawaji. Wapo. Jana wamelala wanne kwenye baraza yangu, na asubuhi nimekuta wameifagia." Makofi yalikuwa machache.

Barua za kupinga zilikwenda kumi na kitu, ya kuunga mkono moja. Baada ya miezi mingi likaja jibu kwamba matumizi yanayoombwa hayaendani na mchoro wa eneo, waombaji watafute ardhi nje ya mji. Warithi wakachoka kusubiri, wakaweka wapangaji.

Nimelifikiria sana jibu lile, na kwa namna yake lilikuwa sahihi. Mchoro kweli haukuwa na kitu kama hicho. Nyumba ya kulala wageni ina nafasi yake, kwa sababu ni biashara. Hospitali, shule, msikiti, kanisa na makaburi vina nafasi zao. Lakini nyumba anayolala usiku mmoja au kumi mtu asiye na nauli wala ndugu karibu, bila kulipa, huikuti kwenye michoro yetu mingi. Kitu kisicho na jina kwenye mchoro hakiwezi kuombewa kiwanja bila kila mtaa kuanza upya na hofu zake.

Pengine ni kwa sababu huku tumezoea kuamini kwamba mtu hakosi pa kulala. Wamakonde, Wamwera na Wayao wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na nyumba ya mjomba ni nyumba yako hata ukifika saa sita usiku. Imani hiyo ina msingi. Ndiyo maana walala nje wa Mtwara au Lindi ni wachache kuliko wa Dar es Salaam. Lakini wapo, hata serikali inawajua: katika sensa ya mwaka 2022, usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, makarani waliwahesabu waliolala stendi na barabarani katika usiku huo huo, kwa kuwa asubuhi wangetawanyika.

Ukikaa nao utajua mnyororo wa undugu ulikatikia wapi. Kuna kijana aliyekuja msimu wa korosho, mnada ulipofunguliwa Oktoba, akabeba magunia ya kilo 80 maghalani hadi mgongo ukakataa, na msimu ulipoisha hela ilikwisha kabla ya nauli. Mwingine ni bibi aliyekuja kutoka kijijini kuuguza mtoto hospitalini, mwezi wa pili sasa, analala juu ya khanga kwenye varanda. Wapo wagonjwa wa akili ambao familia imechoka nao. Wapo waliofukuzwa na waume usiku. Watoto nao wapo, lakini hao wana njia yao: kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao ya watoto yanapewa leseni na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na hawapaswi kuchanganywa na watu wazima. Wazee wasiojiweza nao wana makazi ya serikali, kama yale ya Rasbura, Lindi. Anayebaki bila pa kushika ni mtu mzima aliyekwama. Kwake huyo, kitu kilichoandikwa wazi zaidi katika sheria zetu kwa miaka mingi ni vifungu vya uzururaji, 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyotungwa enzi za Mwingereza.

Tukubali basi kwamba nyumba hiyo inahitajika. Iwekwe wapi? Jibu la haraka, kila mahali duniani, ni "nje ya mji, ardhi ipo tele". Kwa Mtwara maana yake ni kuelekea Naliendele, kilomita 10 hivi kutoka katikati ya mji. Kwa Lindi ni kupandisha huko Ng'apa. Hesabu lakini siku ya mkaaji wake. Kibarua cha kupakua kinapatikana sokoni na bandarini alfajiri. Mgonjwa wa yule bibi yuko wodini. Basi la kurudi kwao linaondoka stendi kabla ya jua. Mtu huyo hana nauli ya bajaji, na ndiyo sababu yuko hapo alipo. Nyumba ikiwa mbali na riziki itabaki tupu, baraza za maduka zitaendelea kujaa, kisha tutaambiwa tulijenga hawakutaka.

Jibu la pili la haraka ni kuipa nyumba hiyo ardhi iliyokosa mwenyewe. Hapo pia tuwe macho. Kiwanja kisichotakiwa na mtu mara nyingi kipo bondeni, au kimebana ufukweni ndani ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikataza kwa ujenzi. Au ni eneo la wazi, uwanja pekee ambao watoto wa mtaa wanachezea mpira. Mji ukila viwanja vyake vya wazi kwa jina la wanyonge, wanyonge ndio wanaopoteza, kwa kuwa watoto wao hawana uani.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Desturi ya kuugawa mji kwa matumizi ilishika sana Marekani: New York walitunga kanuni zao mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la kijiji cha Euclid jimboni Ohio, ikasema mgawanyo huo ni halali. Sababu mojawapo iliyotolewa inafundisha: hukumu ililiita jengo la vyumba vya kupanga kimelea kinachonyonya uzuri wa mtaa wa nyumba za familia moja moja. Toka mwanzo, basi, kalamu ya kuugawa mji ilitumika pia kumweka mbali mwenye kipato kidogo. Huku Tanganyika tulichorewa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na majina hayo bado yamo vinywani mwetu.

Lakini ni huko huko Marekani walikojaribu dawa yake. Mwaka 2007 jimbo la California lilipitisha sheria iitwayo SB 2. Inaulazimisha kila mji kutaja katika mpango wake angalau eneo moja ambamo nyumba ya hifadhi ya dharura inaruhusiwa moja kwa moja, bila kusubiri kikao kiamue kukubali au kukataa. Eneo hilo liwe na nafasi ya kutosha kwa mahitaji ya mji. Mji unaweza kuweka masharti ya idadi ya vitanda, taa, ulinzi na maegesho, na hata umbali kati ya nyumba moja na nyingine, mradi umbali huo usizidi futi 300, yaani mita 91 hivi. Sheria hiyo haikumaliza tatizo la California. Watu wanaolala nje huko ni wengi mno hadi leo. Ninachokipenda ni mahali ilipohamishia mjadala. Majirani husikilizwa wakati mpango unachorwa, mji mzima ukiwa mezani. Hawaulizwi tena wakati mtu ameshafika mlangoni na godoro.

Ndiyo njia ya pili niliyoitaja mwanzo, mabadiliko ya eneo zima, na sheria yetu inairuhusu bila kuongeza neno. Mpango kabambe unapopitiwa, michoro huwekwa hadharani na maoni hupokelewa. Wengi huenda kuangalia kama barabara imepita kwenye nyumba yao, wakishaona haijapita wanarudi nyumbani. Siku hiyo ndiyo ya kuomba matumizi haya yatajwe kwa jina. Ningependa yaruhusiwe katika maeneo ya taasisi na ya makazi yaliyochanganyika na biashara, yaliyo ndani ya mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka stendi, soko au hospitali. Nyumba ziwe ndogo, vitanda 20 au 30, na zaidi ya moja, ili mtaa mmoja usibebeshwe mji wote. Mtwara ina bahati hapo: ulichorwa kwa matumaini ya mradi wa Waingereza wa kilimo cha karanga ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, na barabara pana za mchoro ule zingalipo, na nafasi kando yake.

Na si wageni wa mbali tu watakaolala humo. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, abiria wakakwama njiani. Watu waliokuwa na nyumba nzuri Mtwara na Lindi walilala kwenye viti vya basi. Nyumba yenye vyoo, maji na magodoro katikati ya mji ina kazi pia siku ya namna hiyo.

Narudi kwa yule mama muuza samaki, kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki na halikujibiwa. Alipigiwa makofi tu. Ruhusa ya kubadili matumizi inaweza kutolewa ikiwa na masharti yake, na jibu la swali lake linaandikwa humo: mlinzi wa zamu usiku kucha, taa juu ya mlango na nyingine kwenye kona ya njia. Mapokezi yafanyike uani kuanzia magharibi, foleni isikae barabarani, na jina la kila anayeingia liandikwe kitabuni. Namba ya simu ya msimamizi ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa. Mlango wa mbele wa asubuhi ufunguliwe watoto wakishapita kwenda shule, na mwenye kibarua cha alfajiri atoke kwa mlango wa uani.