Joto si sababu ya kutoa upepo kwenye matairi ya trela

Pale Changamwe, kabla ya kuvuta trela kwenda Voi, bado utasikia: "Toa upepo kidogo, jua lisije likapasua tairi." Ushauri huu ni wa kitambo, na unahatarisha watu.

Ni kweli hewa hupanuka ikipata joto. Lakini kiwango cha upepo anachotoa mtengenezaji ni cha tairi baridi, yaani ambalo halijaanza safari, na ongezeko hilo limeshahesabiwa. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea. Kila likizunguka, kuta zake hujikunja na kujikunjua, na kujikunja huko ndiko kunakozaa joto kali, hadi mpira unaachana na nyuzi za ndani. Trela la safari lililosheheni mizigo huzidisha hatari.

Pima asubuhi, kabla ya kuondoka. Matairi yenye alama ST (Special Trailer, yaani ya trela) kwa kawaida hujazwa hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, tuseme psi 65. Ukisimama Mackinnon Road geji ikaonyesha 70, usiguse.

Mwendo nao una kikomo: herufi ya kasi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ikiwa J ni kilomita 100 kwa saa, L ni 120. Hicho ni kikomo cha tairi tu. Kwenye barabara ile ya malori, kwangu 80 inatosha kabisa.