Mfuko mpya, kalenda mpya: Uingereza ilivyojaza pengo la fedha za Ulaya

Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, lakini fedha za Ulaya za kuendeleza mikoa hazikukatika siku ile. Bajeti ya Ulaya ilikuwa ya miaka saba, 2014 hadi 2020, na fedha iliyoahidiwa mwaka mmoja iliweza kutumika hadi miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo miradi iliyokwisha kusainiwa iliendelea hadi mwisho wa 2023. Naanza na tarehe kwa makusudi. Sisi tunaoshughulika na mipango hapa Zanzibar tukisikia mfuko umebadilishwa, huuliza kwanza kiasi gani. Kiasi kina uzito wake, lakini kilichoumiza zaidi kule ni kalenda.

Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi. Mkoa ambao pato lake kwa kila mtu halikufika 75% ya wastani wa Ulaya ulihesabiwa kuwa nyuma kimaendeleo. Uingereza ilikuwa na mikoa miwili ya namna hiyo: West Wales and the Valleys, na Cornwall pamoja na Isles of Scilly, visiwa vidogo vinavyoishi kwa boti na wageni kama vyetu. Huko Ulaya iliweza kubeba hadi 80% ya gharama. Mikoa ya kati 60%, iliyoendelea 50%. Malipo yalikuwa ya kurejeshewa: unatumia kwanza, unapeleka risiti na ushahidi, ndipo unalipwa. Ni mfumo mzito, na halmashauri ndogo ulizielemea. Faida yake ni kuwa mtu aliweza kupanga mradi wa miaka mitano akijua fedha ipo.

Badala yake ukaja Mfuko wa Ustawi wa Pamoja wa Uingereza. Uliahidiwa 2017, mwongozo wake ukatoka Aprili 2022: pauni bilioni 2.6 kwa miaka mitatu ya fedha, yaani milioni 400, kisha milioni 700, kisha bilioni 1.5. Fedha ziligawiwa moja kwa moja kwa serikali za mitaa, kwa mambo matatu: jamii na maeneo, biashara za wenyeji, watu na ujuzi wao. Sharti la zamani, kwamba sehemu ya gharama ilipwe na wenyeji kutoka vyanzo vingine, liliondolewa. Hilo lilikuwa jema kwa halmashauri maskini, ingawa lile sharti ndilo lililokuwa likivuta fedha za vyuo na za watu binafsi kuingia katika mradi mmoja.

Sasa angalia tarehe. Mipango ya halmashauri ilipokelewa kati ya 30 Juni na 1 Agosti 2022. Idhini ilitoka Disemba. Mwaka wa fedha wa Uingereza unaisha 31 Machi. Fedha ya mwaka mzima ikawa na chini ya miezi minne ya kutumika.

Ihamishie kalenda hiyo Pemba. Chukua diko, yaani mahali wavuvi wanaposhusha samaki, lenye chumba cha barafu, tuseme Tumbe. Upimaji na michoro, tathmini ya mazingira, vikao na masheha na wavuvi, mchanganuo wa gharama, kutangaza zabuni, kusikiliza malalamiko ya walioshindwa, kusaini mkataba: hata kila mtu akikaza, nakadiria miezi sita au saba kabla fundi hajachimba msingi. Upande wa baharini kazi inafuata bamvu, maji yakitoka mbali. Siku za maji mafu hazisaidii. Mwaka wetu wa fedha unaisha 30 Juni. Idhini ikitoka Disemba, una kaskazi ya Januari na Februari, kisha masika yanakukuta na mfereji uliojaa maji. Mhasibu anayeogopa kurudisha bakaa, yaani fedha iliyobaki bila kutumika, hawezi kusubiri. Atanunua kinachonunulika haraka: mabenchi, taa za sola, kompyuta, semina. Si uzembe wake, ni tarehe zilizomsukuma huko.

Pengo la pili lilikuwa kwenye mafunzo ya kazi. Katika England, nchi kubwa kuliko zote ndani ya Uingereza, sehemu ya watu na ujuzi ilipangwa ianze hasa mwaka wa 2024/25, na fedha za Ulaya za kazi hiyo zilikuwa zinakauka kabla ya hapo. Taasisi ya mafunzo haiwezi kuwaweka walimu miezi kadhaa bila mshahara. Wakiondoka hawarudi kwa barua moja.

Halafu nani anaamua? Zamani programu za Wales, nchi nyingine ndani ya Uingereza, zilisimamiwa na serikali ya Wales yenyewe. Sheria ya Soko la Ndani ya 2020 iliipa London uwezo wa kutumia fedha huko moja kwa moja, na Cardiff, makao ya serikali ya Wales, ililalamika wazi. Kanuni ya kugawa ndani ya Wales ilikuwa 40% kwa idadi ya watu, na 60% kwa vipimo viwili vya uhitaji, nusu kwa nusu. Msomaji anayeufuata mjadala wa mgao wa 4.5% wa Zanzibar katika misaada ya kibajeti inayopewa Tanzania anajua kwa nini nambari hizi hugombaniwa kuliko jumla yenyewe.

Afrika Mashariki tumewahi kuandika nambari kama hizo ndani ya mkataba. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967, ilitakiwa kuwekeza 38.75% Tanzania, 38.75% Uganda na 22.5% Kenya, kwa kuwa viwanda vingi vilikuwa Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa 1977. Benki ikaendelea, na 1980 ikapata mkataba wake wenyewe. Iliokoka kwa kuwa ilikuwa na mtaji, vitabu na wafanyakazi wake.

Ndiyo maana ningepewa kuandika kanuni za mfuko wa kurithi, ningeanza na ibara tatu: bakaa ibebwe hadi mwaka unaofuata bila kuombwa upya, mfuko wa zamani na mpya vipishane angalau miezi kumi na miwili, kanuni ya mgao iwe jedwali la sheria, si barua ya waziri. Uingereza yenyewe, miaka mitatu ilipokwisha, iliongeza mwaka mmoja wa mpito, 2025/26, kwa pauni milioni 900, pungufu kwa 40% ya mwaka uliotangulia. Mwaka huo wa mpito ulitangazwa Oktoba 2024, miezi mitano kabla ya mikataba ya wafanyakazi wa mfuko kumalizika.