Feni ya rejeta inazunguka, sawa, ila inapoza?

Mabasi mengi ya safari ndefu injini iko nyuma na rejeta iko ubavuni, kwaiyo upepo wa barabarani haukusaidii sana, hewa karibu yote inayopita kwenye rejeta inavutwa na feni. Feni ikidhoofika kidogo tu basi linachemsha mlimani, alafu watu wanabadilisha themostati, wanabadilisha wota pampu, feni hawajaigusa. Inaniuma kwa kweli.

Wanachosema ni "nimeiona inazunguka, nzima hiyo". Hapana jamani. Kama ni ya haidroliki, pampu inasukuma oili, oili inazungusha mota ya feni, sasa pampu ikichoka au filta ikiziba feni itaendelea kuzunguka ila polepole, na kwa macho huwezi kujua. Bandika kipande cha tepu inayoakisi mwanga kwenye panga moja la feni injini ikiwa imezimwa, washa, feni ikifika spidi ya juu pima mizunguko kwa kipimo cha mwanga ukiwa umesimama mbali na mapanga, alafu linganisha na namba iliyoko kwenye kitabu cha basi lako. Ya mkanda nayo hivohivo, mkanda uliong'aa pembeni unateleza na feni bado inazunguka.

Wengine wakisikia feni inavuma kwa nguvu tangu asubuhi injini ya baridi wanafurahi, kumbe ni ugonjwa. Mifumo mingi imetengenezwa ili waya au sensa ikikatika feni iende spidi ya juu kabisa, isije injini ikaungua. Na klachi nyingi za feni zinazotumia upepo wa kompresa ziko ivo, springi ndo inashika feni na upepo ndo unaiachia, upepo ukivuja feni haipumziki, na feni kubwa ikiwa spidi ya juu inakula makumi ya nguvu farasi, yani dizeli yako hiyo.

"Oili inavuja kidogo, naongeza tu." Hii ndo inanitisha kuliko zote. Ile oili ya feni ya haidroliki iko kwenye presha, karibu yake kuna turbo na ekzosi za moto, hosi ikichanika basi linaweza kuwaka na abiria wako ndani. Hosi iliyosuguana na chuma ibadilishe kabla haijatoboka. Na usitafute uvujaji kwa kidole, oili ya presha inapenya ngozi, tumia kipande cha boksi, na ikikuingia nenda hospitali hapohapo hata kama kidonda ni kama tundu la sindano.

Kuosha: rejeta ikiwa safi kwa nje haimaanishi kitu, uchafu unakaa katikati ya intakula (ile inayopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini) na rejeta. Osha kutokea upande ambao hewa inatokea, presha ndogo, ya kubwa inalaza mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta.

Panga lenye ufa halichomelewi wala kunyooshwa, unabadilisha feni nzima. Kabla hujaingiza mkono zima injini, weka swichi ya kuwashia ya nyuma kwenye ofu, kata betri, sababu feni za umeme zinaweza kujiwasha injini ikiwa imezimwa. Ndo utikise feni usikie kama beringi ina mchezo, angalia mashina ya mapanga na alama za kukwaruza kwenye kava linaloizunguka feni.

Alafu kuna wanaosema feni ukiifunga kinyume itapuliza upande wa pili. Haipulizi upande wa pili, inavuta upande uleule ila hewa kidogo, kwaiyo ukishaifunga angalia alama ya mbele.