Uvujaji wa kumbukumbu ni nini, na Valgrind huusakaje

Uvujaji wa kumbukumbu ni hali ya programu kuomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kuitumia, kisha isiirudishe. Fikiria gesti ya Dodoma wakati wa vikao vya Bunge: mgeni ameshaondoka, lakini namba ya chumba chake imepotea kwenye daftari la mapokezi. Chumba ni kitupu, na hakuna wa kukipangisha. Vyumba vya namna hiyo vikiongezeka, wageni wapya wanaambiwa pamejaa.

Katika lugha ya C, nafasi huombwa kwa malloc na kurudishwa kwa free. Anwani ya nafasi hiyo hushikwa na kielekezi (pointer), yaani kigezo kinachoonyesha nafasi ilipo. Kielekezi kikipewa anwani nyingine kabla ya free kuitwa, nafasi ile imepotea mpaka programu izimwe. Ikizimwa, mfumo endeshi huchukua nafasi zote. Ndiyo maana kuwasha upya seva kila asubuhi huonekana kama tiba, na mafundi wengi huishia hapo. Kwangu huko ni kuahirisha tatizo, na anayeumia ni mtumiaji aliye katikati ya kazi.

Tuseme programu inapokea vipimo vya mizani ya kielektroniki katika soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mizani inatuma vipimo 10 kwa sekunde, na kila kipimo kinaacha kilobaiti 4 zisizorudishwa. Kwa saa moja ni megabaiti 144 hivi. Kwa saa 12 ni zaidi ya gigabaiti 1.7. Asubuhi mashine ni nyepesi, jioni inakwama malori yakiwa kwenye foleni.

Valgrind ni programu ya kuchunguza programu nyingine zinapoendeshwa. Ilianzishwa na Julian Seward na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2002, na ina zana iitwayo Memcheck kwa kazi hii. Huiendesha programu yako juu ya prosesa ya kuigiza, ikiandika kila ombi na kila rudisho la nafasi. Kompaili (geuza msimbo kuwa programu) kwa chaguo la -g ili namba za mistari ya msimbo zionekane, kisha endesha:

valgrind --leak-check=full ./mizani

Ripoti hutenga nafasi zilizopotea kwa hakika, zilizopotea kwa sababu nafasi nyingine iliyozielekeza imepotea, zenye mashaka, na ambazo bado zina kielekezi. Anza na za hakika. Ukizirekebisha, za kundi la pili mara nyingi huondoka zenyewe.

Kinachowachanganya wanafunzi wengi wa TEHAMA ni kwamba mstari unaotajwa kwenye ripoti ni pale nafasi ilipoombwa, si pale ilipopaswa kurudishwa. Lazima uifuate nafasi hiyo kutoka ilipozaliwa, ukiuliza kila hatua nani anaimiliki sasa. Mara nyingi mkosaji ni njia ya hitilafu, yaani sehemu ya msimbo inayopitiwa mambo yanapoharibika: kipimo kimekuja kibovu, funsheni imetoka mapema kwa return, free iliyo chini haikufikiwa.

Memcheck huona njia zilizopitiwa tu. Kwa hiyo chomoa waya wa mizani katikati ya jaribio, tuma namba zisizo na maana, kata mtandao. Programu itaenda polepole, hata mara 20 hadi 30, basi fanya hayo kwenye mashine ya majaribio.

Kwa Java au Python, ambako nafasi hukusanywa zenyewe, uvujaji mara nyingi ni orodha inayokua bila kupunguzwa. Hapo piga picha mbili za kumbukumbu, saa chache zikipita kati yake, ulinganishe ni vitu gani vimeongezeka.